Juu ya Kumkabili Kifaru

Swali ninalotaka kulitazama hapa ni la zamani kuliko vitabu. Mtu mnyonge akikutana na mwenye nguvu zilizopita kiasi, je, ampige usoni kwa kuwa heshima yadai hivyo, au atafute upenyo mahali pengine, au aombe sheria imwondoe mwenye nguvu uwanjani kabla ya pambano kuanza? Wanazuoni aghalabu wamelijibu kwa mifano ya wafalme na majemadari. Mimi nitalijibu, kama nitaweza, kwa mfano wa mchezo wa vijana, na ninamtaka radhi msomaji atakayeona kwamba mfano huu haustahili meza ya chuo. Namkumbusha tu kwamba wazee wetu hawakuona haya kutafuta hekima katika mashimo 32 ya bao na kete zake 64, na kete hizo zilikuwa mbegu za msituni kabla hazijawa fikira.

Likizo iliyopita nilikwenda Kaniha kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Kaniha ni nchi ya Wasubi, katika upande ule ambao Biharamulo na Ngara hutazamana. Malori yaendayo Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda, hupita katika wilaya hizo usiku na mchana, na mahindi na maharage ya wakulima huondoka kwa njia hiyohiyo. Jioni ya pili niliwakuta vijana wanne, mmoja wao mpwa wangu, wamekaa chini ya mwembe kando ya duka ambalo huchaji simu kwa nguvu ya jua. Walikuwa wameinamisha vichwa kama watu wasomao dua. Nikasimama nyuma yao nikatazama.

Mchezo waliokuwa wakicheza ni ule uitwao Mobile Legends: Bang Bang, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Moonton ya Shanghai. Watu watano hupambana na watano, kila mmoja akiwa na shujaa wake. Kuna njia tatu, na katika kila njia pana minara ya ulinzi. Mwisho wa njia zote ni ngome. Ngome ikibomoka, mchezo umekwisha, hata kama waliobomolewa wameua mara nyingi kuliko waliobomoa. Sharti hili la mwisho msomaji alishike, maana nitalirudia. Huko Asia ya Kusini-Mashariki mchezo huu umekuwa jambo kubwa. Katika michezo ya nchi za huko iliyofanyika Ufilipino mwaka 2019 washindi wake walivishwa medali sawa na wakimbiaji na waogeleaji. Kaniha hakuna medali. Pana bando la intaneti ambalo huisha kabla ya hamu kwisha.

Vijana wale wanne walikuwa wamepewa na mchezo mwenzao wa tano wasiyemjua. Walishindwa, na walishindwa vibaya. Kwa muda wa kama robo saa niliwaona wakimzunguka mtu mmoja wa upande wa pili, pande la jitu la rangi ya buluu, wakampiga kwa kila walicho nacho, naye hafi. Akirudi nyuma kidogo, wanamfuata. Akisimama, wanampiga tena. Nyuma yake wenzake wawili dhaifu, ambao mtu mmoja angeliweza kuwaua kwa mapigo machache, walikuwa wakibomoa minara kwa utulivu wa watu wanaovuna. Mwishowe ngome ikaanguka, na mpwa wangu akaiweka simu juu ya goti lake akasema, "Mjomba, yule kifaru haiwezekani. Tumempiga mchezo mzima."

Nikamwambia kwamba nilidhani hilo ndilo lililowashinda. Alinitazama kwa heshima ambayo vijana huwapa wazee wasiojua kitu, kisha akanieleza.

Nataka niseme neno moja juu ya jina, kwa kuwa ni kazi yangu. Kifaru wa nyikani humtamka kila mtu kwa viambishi vya wenye uhai: kifaru huyu, vifaru hawa. Lilipoletwa gari la vita la chuma, lenye ngozi isiyopenya risasi, Kiswahili kililipa jina la mnyama, na tangu hapo wasemaji wengine husema kifaru hiki na wengine kifaru huyu, wala sarufi haijawapatanisha. Sasa vijana wamelichukua jina hilo kutoka kwa chuma wakamrudishia kiumbe, nacho ni kiumbe cha mwanga ndani ya kioo. Katika mchezo, kifaru ni shujaa ambaye kazi yake si kuua. Kazi yake ni kupigwa. Hukaa mbele, huchukua mapigo ambayo yangewaangukia wenzake, na fahari yake ni idadi ya maumivu aliyoyabeba. Mtu akifikiri vema ataona kwamba hii si kazi duni. Mama wengi wanaifanya.

Kifaru wa siku ile anaitwa Uranus, na tabia yake ndiyo iliyonifanya niandike. Shujaa huyu hupona kwa mapigo. Kila apigwapo na adui, mwili wake hukusanya nguvu ya pigo lile na kuigeuza kuwa tiba. Mapigo yakiongezeka, tiba nayo huongezeka, hadi kikomo kilichowekwa na waliomtunga. Mtu mmoja akimpiga polepole, hupata nafuu ndogo. Watu wanne wakimrukia kwa hasira na mapigo madogo madogo ya haraka, wamemkalisha mezani wakamwandalia. Vijana wetu kwa robo saa nzima walikuwa wapishi wake.

Hapa, msomaji, niliketi chini ya mwembe, maana nilikumbuka watu.

Nilimkumbuka kwanza mnunuzi mmoja wa mazao ambaye shemeji yangu alikuwa amemlalamikia tangu nilipofika. Mtu huyu huja miezi ya dhiki, wakati mahindi yangali machanga, na kununua mavuno ambayo hayajawa mavuno. Huko kaskazini mwa mkoa, wakulima wa kahawa wanayo desturi hiyo kwa jina la butura: kahawa huuzwa ikiwa mtini, kwa bei ya aliyezidiwa. Mahindi yakikomaa, mnunuzi huja na magunia yake, nayo hujazwa kwa lumbesa, yaani hupandishwa kichwa juu ya mdomo wa gunia hata kikashonwa kwa kamba kama kilemba, na gunia lihesabiwalo kuwa la kilo 100 likabeba kilo nyingi zaidi. Watu humtukana mtu yule sokoni, kilabuni na hata msibani. Yeye hakasiriki. Husikiliza matusi kwa uso wa upole, huuliza habari za watoto, na hutoa mkopo mwingine. Nilipomuuliza shemeji kwa nini wasimwache, alinijibu kwamba hawawezi kumwacha kwa sababu wanamdai haki yao. Jibu hili lilinistaajabisha. Wanaendelea kwenda kwake kwa kuwa wana ugomvi naye, na kila ugomvi humalizika kwa fedha ndogo ya kupoza, na kila fedha ya kupoza ni deni jipya.

Na nyuma ya mtu huyu wako nani? Hakuna aliyejua. Lori huja, hupakia, huondoka. Wenye ghala la mwisho na wenye kupanga bei hawajapata kutukanwa na mtu yeyote wa Kaniha, kwa kuwa matusi yote humwishia yule aliyekaa mbele. Ndiyo kazi yake, na huenda analipwa kidogo kuliko tunavyodhani.

Basi, je, afanyeje mtu? Mpwa wangu aliniorodheshea dawa za kifaru, na nimeziona kuwa zina mafunzo kuliko vitabu kadhaa vya maadili nilivyolazimishwa kuvisoma. Ziko silaha, Sea Halberd mojawapo, ambazo kazi yake kubwa si kuongeza ukali wa pigo bali ni kupunguza uponyaji wa anayepigwa. Yuko bundi mmoja aitwaye Diggie, mdogo na wa kuchekesha, ambaye hawezi kumwumiza kifaru kwa lolote la maana, lakini huweza kuwafungua wenzake kwa mara moja pale kifaru anapowafunga wote. Sitakaa sana kwa hawa, ingawa bundi anastahili makala yake mwenyewe. Nitakaa kwa Karrie.

Karrie ni mwanamke mwembamba mwenye silaha za mviringo. Kila ampigapo adui humtia alama, na alama zikitimia tano hutoka pigo ambalo hakuna ngao inayolizuia, nalo halipimwi kwa idadi maalumu. Hupimwa kwa sehemu katika mia ya uhai wote wa anayepigwa. Mwenye uhai mdogo huumia kidogo, mwenye uhai mkubwa huumia kwa kadiri ya ukubwa wake. Kifaru, ambaye fahari yake yote ni wingi wa uhai, hukuta wingi ule umegeuka kuwa kipimo cha maumivu yake.

Tazama jinsi hesabu hii ilivyo rahisi na jinsi ilivyo vigumu kuikumbuka. Pigo la 100 juu ya mwili wa 1,000 ni sehemu ya kumi. Juu ya mwili wa 10,000 ni sehemu ya mia. Anayesema kwamba amewapiga wote wawili sawasawa anasema kweli kwa ulimi na uwongo kwa mizani. Kodi ya kichwa ya zama za ukoloni ilikuwa pigo la namna hiyo: mwenye mbuzi mmoja na mwenye ng'ombe mia walitoa fedha zilezile, na mmoja aliuza mbuzi wake na mwingine hakuona tofauti. Zaka ya Waislamu, kinyume chake, ni sehemu ya mali: katika fedha ni mbili na nusu kwa mia, na aliye chini ya kiwango hatoi kitu. Aristotle, katika kitabu chake cha tano cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics, aliifanya haki ya ugawaji kuwa usawa wa uwiano, si usawa wa hesabu tupu. Sidhani kwamba waliotunga mchezo walikuwa na Aristotle mezani. Walikuwa na tatizo la jitu lisilokufa, na tatizo likawaongoza mahali pale pale.

Katika Kaniha pigo la namna hii lipo, nalo ni mizani. Mnunuzi aliyenunua magunia mawili ya lumbesa ameiba kidogo, aliyenunua magunia elfu ameiba mara mia tano zaidi, na mizani iliyowekwa kati humrudishia kila mmoja hasara yake kwa kadiri ya ulafi wake, bila kelele wala tusi. Lumbesa imekatazwa, na Wakala wa Vipimo anayo madaraka ya kumshitaki aifanyaye. Tena pana utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, ambao mkulima huyapeleka mazao yake ghalani yakapimwa, akapewa hati, akangoja bei. Huu hupunguza uponyaji: ukiondoa dhiki ya miezi ile, umeondoa chakula cha butura.

Lakini sitaki nionekane kuuza dawa. Ushirika, ambao ulikuwa Karrie wa babu zetu, umewahi nao kuwa kifaru. Katika mkoa huu wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu, Bukoba Native Co-operative Union, tangu mwaka 1950, nacho kilizaliwa ili mkulima asimame mbele ya mnunuzi akiwa na mizani na wenzake. Vyama vikuu nchini vilivunjwa mwaka 1976 vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wazee wanaokumbuka nyakati zote hizo watakwambia kwamba ilifika siku ambapo mkulima alimwogopa karani wa chama kuliko alivyomwogopa mfanyabiashara. Silaha ya uwiano haina kinga ya kutowaumiza walioishika.

Sasa nije kwa njia ya tatu, ya kumwondoa mwenye nguvu uwanjani. Katika daraja za juu za mchezo ule, kabla ya pambano, kila upande hupewa haki ya kuwapiga marufuku mashujaa kadhaa, wasitumiwe na yeyote. Mpwa wangu na wenzake hawajafika daraja hizo, na wanazitamani kama mtu atamanivyo mahakama. Nilimuuliza kama ni haki. Akasema, "Ni haki, mjomba, kwa sababu marufuku inatufunga na sisi." Ni jibu zuri. Marufuku inayowafunga wote wawili ni sheria; inayomfunga mmoja ni kisasi kilichovaa kanzu. Hata hivyo butura nayo imepigwa marufuku na wakuu, tena zaidi ya mara moja, na haikufa, kwa sababu aliyekatazwa kuuza mahindi machanga bado ana mgonjwa ndani ya nyumba. Mchezo una uwezo ambao nchi haina: ukimwondoa shujaa, haja yake nayo huondoka.

Iko hoja nyingine ya watu wenye fahari, nami siidharau. Husema kwamba kumchagulia adui silaha ya kumkata uponyaji, au kumwacha kifaru ukawashambulia wadhaifu walio nyuma yake, ni uoga uliopewa jina la akili. Mwanamume humkabili mwanamume mwenzake kifua kwa kifua. Najibu kwa bao. Mchezaji anayekwepa kula pale alipotegwa na kula mahali pengine hajasemwa kamwe kuwa ni mwoga, kwa kuwa mashimo yote yako wazi na macho ya wote wawili yanaona. Hila iliyo ndani ya kanuni zinazojulikana na pande zote mbili si hiana. Hiana huanza pale ambapo mmoja anajua kanuni na mwingine hajui, kama vile mwenye gunia ajuavyo uzito na mwenye mahindi hajui.

Ila iko siku ambayo maneno yangu haya hayatoshi, na haki inataka niitaje, kwa sababu ilitokea katika mkoa huuhuu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo lililo kaskazini ya mto Kagera. Walikuja na vifaru vya chuma, si vya mwanga. Waliua, walichukua ng'ombe, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi ile ni yake. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Mtu gani angewaambia watu wa Kyaka kwamba wasimtazame kifaru, wawatafute walio nyuma yake? Aliyesimama juu ya kifua chako huwezi kumwacha. Fundisho la kutomlisha mwenye nguvu lina mpaka wake, na mpaka huo ni pale ambapo anakuua hata kama humpigi.

Hata hivyo, namna vita vile vilivyokwenda haikuwa ya kifua kwa kifua. Huko Lukaya, katika barabara ya Kampala, mwezi wa Machi 1979, Brigedi ya 201 ya Tanzania ilikutana na vifaru na roketi za majeshi ya Uganda na Libya, nayo ikatawanyika. Jibu lilikuwa kuirudisha Brigedi ya 208, ambayo ilikwisha kupita mbali upande wa kaskazini-magharibi, ikatokea barabarani nyuma ya adui, ilhali ile ya 201 iliyojipanga upya ikiwakabili kwa mbele. Vifaru viliachwa vimeelekea upande ambao vita havikuwapo. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwaka huohuo Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Gharama inayotajwa mara kwa mara ni dola za Marekani milioni 500, na kizazi changu, tuliozaliwa baada ya hapo, tulijifunza kuhesabu katika maduka yasiyokuwa na sabuni. Silitaji hili kwa kulaumu. Nasema tu kwamba hata kifaru aliyestahili kupigwa hupigwa kwa gharama, na gharama haiwaangukii waliopiga peke yao.

Nimebakiwa na jambo lililonileta katika kuandika, nami nimelizungukia vya kutosha.

Jioni ya tatu vijana wale walicheza tena. Walikuwa wamekubaliana mchana kutwa, na kila mmoja alichagua shujaa na silaha za kumwua kifaru. Hakuna aliyebaki wa kulinda mnara, wala wa kutibu, wala wa kuvunja ngome. Upande wa pili haukuwa na Uranus. Ulikuwa na watu wepesi, wenye mbio, wasiokuwa na uhai mwingi wa kupimiwa sehemu katika mia. Vijana wetu wakashindwa kwa haraka kuliko jana. Walikuwa wamejijenga kwa umbo la adui wa jana, nusu-nusu kama ukungu wa kufinyangia ambao chungu chake kimekwisha ondolewa.

Hapo ndipo nilipojiona. Katika taasisi moja niliyofanya kazi ujanani alikuwako mtu wa cheo ambaye hakuna lililopita ila kwa idhini yake. Sitamtaja, wala mahali. Alikuwa mwenye elimu, na hakupenda elimu nyingine iote karibu naye. Nilimpinga kwa miaka saba. Nilimpinga katika vikao, katika barua, katika maswali ya semina yaliyoandaliwa usiku ili yamchome mchana. Kila nilipompinga alipata la kuwaambia wakubwa: kwamba anaandamwa, kwamba apewe madaraka zaidi ya kutuliza idara. Nami nilimpa hoja hiyo kwa mikono yangu, mwezi hata mwezi. Nyuma yake walikuwako vijana wawili watatu aliowakinga, na hao ndio waliozipanga ratiba na fedha za utafiti. Siwakumbuki kuwa niliwahi kuwapinga kwa jambo lolote.

Kisha akastaafu. Alipewa karamu, na katika karamu ile alinishika mkono akanishukuru mbele ya watu kwa kumweka macho. Nilidhani ananidhihaki. Sasa nadhani alisema kweli. Asubuhi yake niliketi mezani kwangu nikafungua mkoba wangu, nikakuta rasimu 14 za barua za kulalamika na sura mbili za kitabu ambacho ningepaswa kukimaliza nikiwa na miaka 32. Nilijua udhaifu wake wote. Nilijua hoja gani humchoma na gani humchekesha. Nilipotafuta ninalolitaka mimi, lisilokuwa kinyume cha analolitaka yeye, nilitafuta muda mrefu.

Siwezi kusema kwamba nilikosea kumpinga. Baadhi ya mambo aliyoyafanya yalistahili kupingwa, na aliyenyamaza katika idara ile hakuwa mwema kuliko mimi; wengine walinyamaza wakapata vyeo. Ninachokiona ni kwamba nilisahau ngome. Sharti lile nililomtaka msomaji alishike ndilo hili: mchezo huamuliwa kwa ngome, si kwa idadi ya waliouawa, na upo uwezekano wa kumwua kifaru mara kumi ukapoteza nyumba. Ngome yangu ilikuwa kitabu. Ya shemeji yangu ni chakula cha mwaka na ada ya hospitali. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba anapigania ngome, kwa sababu alikuwa amechoka sana.

Nilimweleza mpwa wangu sehemu ya habari hii, nikaacha nyingine. Aliniuliza swali ambalo sijalipatia jibu: "Sasa mjomba, mtu atajuaje kama anampiga kwa sababu ni lazima, au kwa sababu amezoea?" Nilimwambia kwamba labda atazame kama adui anapungua. Akasema kwamba katika simu uhai wa adui huonekana juu ya kichwa chake kwa mstari wa rangi, na kila mtu huona ukipungua au ukirudi. Nikanyamaza, maana katika idara yangu hapakuwa na mstari.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda na shemeji kwenye ghala la chama cha msingi. Alikuwa na magunia matatu. Karani aliyapandisha mizanini moja moja. La kwanza, lililokuwa la lumbesa kwa kuwa alikwisha kuzoea kujaza hivyo, lilipita kilo 100 kwa kiasi ambacho kilimfanya shemeji aiguse sahani ya mizani kwa kidole, kama anayehakikisha kwamba hakuna mtu aliyesimama juu yake. Akasimama hapo akihesabu kimyakimya, na nilijua kwamba anahesabu miaka. La pili likapimwa likaandikwa. La tatu hakuliteremsha kutoka kwenye baiskeli.

"Hili ni la yule bwana," alisema. "Fedha yake nilikwisha kuila mwezi wa Februari, dada yako alipolazwa."

Tukarudi nalo nyumbani, yeye akisukuma na mimi nikilishika kwa nyuma lisianguke.